Maiki ya Nane

Maiki ya nane iliitika ikiwa ndani ya sanduku, haina betri, haina mtu.

Ilikuwa saa tisa alasiri na ukumbi wa shule ulichemka chini ya mabati. Feni nne zilizunguka kwa kelele bila kuleta upepo. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye wanafunzi walimwita Mama Jukwaa hata akiwa anawasikia, alisimama katikati ya viti na rejista mkononi. Zilibaki wiki mbili kabla ya onyesho, na alikuwa amechoka na kila kitu chenye taa ya kijani.

Seti mbili za maiki zisizo na waya zilikuwa zimeshajaribiwa na kurudishwa dukani. Za kwanza zilikuwa za kushika mkononi, na mama anayelia jukwaani hawezi kujifuta machozi kwa mkono uliobeba maiki. Za pili zilibanwa kwenye kola. Hizo zilisikiliza nguo kuliko watu: mtoto akigeuka, ukumbi mzima unasikia shati linakwaruza. Seti ya tatu ilikuwa ya kuvaa kichwani, na kijiti chembamba kilishuka shavuni hadi karibu na mdomo. Fundi wa sauti aliapa kwamba hii ndiyo yenyewe.

"Uliapa hivyo hivyo kwa zile za kola," Mama Jukwaa alimwambia.

"Zile niliapa kwa kusitasita, mwalimu."

Fundi huyo aliitwa Waya tangu utotoni kwa wembamba wake, na alishachoka kuulizwa inakuwaje mtu wa jina lile auze vitu visivyo na waya.

Waigizaji walikuwa saba na maiki nane, ya nane ikiwa ya akiba. Watoto walipoambiwa wazijaribu, mmoja alipuliza, mwingine akaimba, wa tatu akatangaza mpira. Mama Jukwaa akafanya alichokuwa akikifanya kila asubuhi kwa miaka ishirini na mbili: alifungua ukurasa mpya wa rejista, akaandika namba moja hadi nane, akaanza kuita. Kila namba iliitika "Nipo, mwalimu," naye akatia alama ya vema.

"Namba nane," aliita bila kuinua macho, kwa sababu mstari wa nane ulikuwepo.

"Nipo, mwalimu."

Akatia vema.

Kalamu ilipoinuka ndipo aliposikia jinsi ukumbi ulivyonyamaza. Waya alikuwa anatazama sanduku lililo wazi mezani. Maiki ya nane ililala humo kwenye sifongo yake. Betri zake mbili zilikuwa mkononi mwa Waya.

"Nani anacheza?" Mama Jukwaa aliuliza.

Hakuna aliyecheza. Hakuna hata aliyecheka.

"Ni mwingiliano wa masafa," Waya alisema hatimaye. "Redio ya teksi, simu ya upepo ya mlinzi. Hutokea."

"Basi badilisha chaneli."

Alibadilisha. Alibadilisha kesho yake pia, na keshokutwa, akasogeza antena, akahamisha mashine ya kupokea sauti kutoka kushoto kwenda kulia na kuirudisha, na bado kila siku, mazoezi yakianza, mtu alikuwa akipumua nyuma ya maneno ya watoto, taratibu, kama mwanafunzi aliyekaa dawati la mwisho akisikiliza kwa makini. Sifongo za maiki zilianza kunuka chaki iliyolowa. Mama Jukwaa alizipangusa kwa spiriti, zikanuka spiriti na chaki. Alikwenda ofisini kuomba seti ya nne.

"Mwalimu," mkuu wa shule alisema, "seti ya kwanza ulisema mikono. Ya pili ukasema nguo. Sasa hii ni nini?"

"Inapumua."

Mkuu aliweka miwani mezani. "Wewe ndiye uliyetaka maiki. Mimi nilisema ubadilishe mwigizaji."

Hilo lilikuwa kweli. Mwigizaji mkuu, aliyecheza mama anayemtetea mwanawe mbele ya baraza, alikuwa msichana wa kidato cha pili waliyemwita Kidege. Kwa miaka yote hakuwahi kunyoosha mkono darasani. Akiulizwa swali alitazama viatu vyake mpaka mwalimu amwonee huruma. Kisha siku ya usaili alipanda jukwaani kwa makosa, akiwa ameagizwa kuleta kiti, akasoma mistari sita iliyokuwa kwenye karatasi, na Mama Jukwaa akalazimika kugeukia dirishani. Sauti ile haikufika safu ya tatu, lakini ilikuwa ya kweli, na ilikuwa mpya kabisa, hata mwenyewe alionekana kuishangaa. Ndiyo sababu ya maiki. Mama Jukwaa alikuwa amemwahidi: "Wewe sema tu. Kufika nyuma niachie mimi."

Wiki ya pili, sauti ya Kidege ilifika nyuma.

Ilitoka kwenye spika ikiwa nene, imetulia, kila neno limekatwa vizuri. Mkuu aliposikia alisimama mlangoni, mkono kifuani. "Sasa hiyo ndiyo sauti!" alisema. "Mnaona? Uvumilivu tu." Alikuwa na macho ya mtu aliyekaribia kulia, wala hakuwa anajifanya. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameona wazazi wakikaa katika ukumbi ule wakisikiliza feni.

Mama Jukwaa alikuwa karibu zaidi, chini ya jukwaa, na aliona kisichoonekana kutoka mlangoni: midomo ya Kidege ilikuwa inafuata maneno, haiyatangulii, kama mtu anayeimba wimbo asioujua vizuri kwa kutazama mdomo wa jirani, na katikati ya sentensi ndefu msichana alipopaliwa na mate, akainama akikohoa, mikono yote miwili kooni, sentensi iliendelea hadi mwisho wake bila yeye, ikapumzika penye mkato, ikamalizia penye nukta.

Waya naye alikuwa ameona. "Mwalimu," alinong'ona, "ile si masafa."

Asubuhi iliyofuata mama yake Kidege, aliyekuwa akifua mashuka hospitalini, alimsubiri Mama Jukwaa getini na ndoo yake bado mkononi.

"Mwanangu mmemfanya nini?"

"Amefanya nini, dada?"

"Hasemi. Jana kanipa hiki." Alitoa kipande cha daftari. Kiliandikwa: *Mama naomba maji.* "Nimemzaa mpole, sikumzaa bubu. Tangu mmpe huo mchezo alikuwa anaongea mpaka jikoni, ananihutubia mimi na masufuria. Nikawa namwambia nyamaza unanichosha." Akafunga macho. "Nilimwambia nyamaza, mwalimu."

Waya alikuwa na shangazi aliyeshona sare za shule, na ambaye watu walimwendea kimyakimya kwa mambo ya namna hii. Aliwasikiliza akiwa na pini mdomoni, mguu wake ukikanyaga cherehani, hakuacha mpaka waliposimulia habari ya rejista. Hapo mguu ulisimama.

"Ulimwita," alisema.

"Niliita namba."

"Ukaita, akaitika, ukaandika. Watu wasioonekana hukaa popote penye nafasi tupu. Hawamwingilii mtu hivi hivi. Wewe umemsajili. Aliyesajiliwa shuleni anataka nini?"

"Kujifunza," Mama Jukwaa alisema.

"Basi anajifunza kusema. Na amechukua ile sauti iliyokuwa bado haijashika vizuri kwa mwenyewe."

"Nitafuta hiyo alama."

"Ukifuta jina la mtoto, mtoto anayeyuka? Atabaki, ila atakuwa amekasirika."

"Basi afukuzwe!" Waya alisema.

Shangazi alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekata kitambaa upande. "Kwa kosa gani? Anahudhuria kila siku. Akiitwa anaitika. Mnao wangapi wa hivyo?" Alitoa pini moja mdomoni. "Wa hivi huhamishwa. Na hahami mpaka pawe na anayempokea, atie sahihi kwa mkono wake akijua anapokea nini. Awe mtu mzima, mwenye sauti iliyozoea kufundisha. Na mfanye kabla hajafika mwisho wa maneno ya yule mtoto. Akimaliza somo hatarudisha alichoazima."

Maneno ya mwisho yalikuwa utetezi wa yule mama mbele ya baraza, ukurasa mmoja na nusu. Mama Jukwaa alikuwa ameuweka akiba, hajaufanyia mazoezi hata mara moja, akitaka uwe mbichi siku yenyewe.

Alikwenda kwa mkuu na fomu ya uhamisho.

"Nimhamishe nani?" mkuu aliuliza. "Betri?"

"Basi ahirisha onyesho. Mtoto hasemi, mkuu."

"Nimemsikia mimi mwenyewe akisema. Wewe umechoka. Siku moja tu, mwalimu. Kesho yake tupa maiki zote kisimani nami nitakusaidia kubeba." Alisema hivyo kwa upole, na upole wake ndio uliomkera Mama Jukwaa kuliko yote, kwa sababu hakupata pa kuupigia ngumi.

Jumamosi, saa nane mchana, ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kidege alisimama pembeni ya jukwaa amevaa khanga ya mama yake, maiki shavuni. Mama Jukwaa alimvua maiki hiyo. Msichana akamshika mkono, akatikisa kichwa, kisha akaonyesha jukwaa kwa kidole: nataka kwenda. Akaenda bila maiki, na spika zikasema maneno yake.

"Zima," Mama Jukwaa alimwambia Waya.

Waya alizima mashine. Sauti iliendelea. Akachomoa waya wa umeme ukutani akaushika juu, akimwonyesha, na sauti ile nene, nzuri, iliyokatwa vizuri, iliendelea kutoka kwenye spika zisizo na umeme, ikavuka safu ya kwanza na ya kumi na kufika kwa waliosimama nje, ambao walikuwa wanatikisa vichwa kwa kuridhika, huku harufu ya chaki mbichi ikishuka kutoka kwenye mabati kama ukungu, na jukwaani Kidege akifungua na kufunga mdomo, macho yake makavu yakitazama pembeni, yakimtafuta mtu aliyemwambia kufika nyuma amwachie yeye. Baraza lilikuwa limekaa. Mwigizaji wa hakimu alisema, "Mama, tunakusikiliza." Kilichobaki kilikuwa ukurasa mmoja na nusu.

Mama Jukwaa alipiga magoti, akafungua rejista juu ya sanduku la maiki. Kwenye mstari wa nane aliandika: *Amehamishwa.* Mbele ya neno hilo, kama mpokeaji, aliandika jina lake lote, la kwake, la baba na la babu, kisha akatia sahihi ile ile aliyokuwa akiitia kwenye ripoti za watoto wa watu.

Spika zilikatika katikati ya neno.

Kimya kilidumu hata mtoto mchanga nyuma akashangaa na kuacha kulia. Kidege alisimama amefungua mdomo. Kisha kikatoka kitu chembamba, kilichokwaruza, kidogo kuliko siku ya usaili: "Huyu... ni mwanangu."

"Sauti!" mtu alipiga kelele kutoka mlangoni.

"Nyamaza wewe," mwanamke mmoja alijibu, "tusikie."

Mkuu wa shule aliinuka kwenye kiti chake cha mbele, akatembea hadi ukutani, akazima feni moja baada ya nyingine. Watu mia tatu wakainama mbele kwenye joto lile, viganja masikioni, na Kidege akasema ukurasa mmoja na nusu wote, akikwama, akirudia, na mwishoni mama yake alikuwa amesimama juu ya kiti.

Makofi yalipoanza msichana alikimbilia pembeni ya jukwaa, jasho likimtoka, akamrukia Mama Jukwaa shingoni.

"Mwalimu! Wamenisikia? Niambie, walinisikia hadi nyuma?"

Mama Jukwaa alimkumbatia, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo, akamfuta uso kwa kiganja. Midomo yake aliibana kwa nguvu zake zote, maana nyuma ya ulimi wake, taratibu, mtu alikuwa anavuta pumzi ili ajibu.