Lebo za Mishumaa ya Fundi

Fundi alikuwa mshonaji. Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mumewe. Asubuhi alishona nguo sebuleni. Mchana aliyeyusha nta jikoni, akaimimina kwenye glasi ndogo zenye utambi. Nyumba ilinukia mchaichai mpaka kwenye mapazia.

Mishumaa ile ilikuwa mizuri, nasema bila kuona haya. Lakini mwenye duka la zawadi aliirudisha yote kumi na miwili.

"Mishumaa haina kasoro," alisema. "Tatizo ni lebo. Hazisomeki. Nileteeni nyingine kabla ya Jumamosi, la sivyo rafu nampa mtu mwingine."

Fundi aliumia. Rafu ile alikuwa ameitamani mwaka mzima.

Programu ya kuchorea lebo aliichagua mumewe.

"Hii ndiyo wanayotumia wakubwa," alijitapa. "Ina vitufe mia mbili!"

"Na wewe unavijua vingapi?"

"Viwili. Cha kufungua na cha kufunga."

Kwenye kompyuta lebo ilipendeza kweli. Kwenye glasi ilizidi. Ncha moja ilipanda juu ya nyingine, ikafunika onyo la moto. Katikati palikuwa na jina kubwa la programu yenyewe, maana walikuwa wakiitumia kwa majaribio, bila kuilipia.

Fundi akachukua glasi moja, akaenda kwa jirani yao mwenye kibanda cha kuchapisha. Watu walimwita Mama Printa. Mume alifuata nyuma.

Mama Printa aliigeuza glasi mkononi.

"Dada, mteja akitaka gauni, unaanza na nini?"

"Vipimo, bila shaka."

"Na glasi hii mliipima?"

Fundi aligusa utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake. Akaangua kicheko.

"Kinyozi hajinyoi! Hatukupima."

Akaizungushia glasi utepe palepale. Milimita mia mbili na ishirini. Wakakubaliana lebo iwe mia mbili, ncha zisikutane.

"Sasa ndipo tutafute programu," alisema Mama Printa. "Je, inakubali vipimo vyako kwa milimita? Inafunguka kwenye hiyo kompyuta yenu kongwe? Ukimaliza, inakupa faili la PDF bila kubandika jina lake juu ya kazi yako? Ikikataa, achana nayo, hata kama ni ya wakubwa."

"Na bei?" mume aliuliza.

"Za bure zipo, shemeji, na zinatosha. Ila soma masharti. Nyingine zinaruhusu matumizi ya nyumbani tu, na nyinyi mnauza."

Mume alileta kompyuta yao kibandani, wakajaribu programu ya kwanza. Ilikuwa na maua tele, lakini haikukubali vipimo. Wakaiacha. Ya pili ilikuwa nyepesi, na masharti yake yaliruhusu biashara. Fundi akakaa mwenyewe kwenye kompyuta. Aliandika jina la mshumaa, harufu yake na uzito. Chini akaandika kwa herufi nene: "Usiuache ukiwaka bila mtu. Weka mbali na watoto na mapazia."

"Chapisha kwanza kwenye karatasi ya kawaida," Mama Printa alimwambia. "Izungushe kwenye glasi uone."

"Kumbe ni kupiga bandi, ule mshono wa muda, kabla ya kushona!" alisema Fundi. "Hiyo kazi naijua."

Herufi zilikuwa ndogo. Akazikuza, akajaribu tena. Mara ya tatu lebo ilikaa sawasawa, ndipo wakachapisha kwenye karatasi ya stika.

Ijumaa mwenye duka aliushika mshumaa mmoja. Alisoma lebo yote kwa sauti, hadi neno la mwisho. Kisha akaipanga mishumaa yote kumi na miwili kwenye rafu ya mbele, karibu na mlango.

"Nani amewachorea? Nataka anichoree lebo za chupa zangu za asali."

Mume akamwonyesha mkewe kwa mikono miwili.

"Huyu hapa. Fundi wangu."

Fundi alisimama wima, akavua utepe shingoni.

"Nitakuchorea," alisema. "Lete kwanza chupa niipime."