Ukuta wa Wajane

Mwenye kisa hiki yuko hai, na kibanda chake bado kipo, cha tatu ukiingia sokoni kwa mlango wa nyuma. Nenda kamuulize habari za viatu vya damu ya mzee. Atakuuliza kwanza wewe unavaa namba ngapi. Ukimjibu thelathini na nane, atakutazama miguu, atateremsha turubai, na kukuambia leo amefunga.

Zamani hakuwa hivyo. Zamani hata mpita njia mwenye mikono mitupu alisimama kumsikiliza. Wateja walimwita Mama Peya, ingawa hakuwa na mtoto. Alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyemlea tangu mama yao alipofariki na kumwachia binti wa miaka tisa na cherehani yenye mguu mmoja mbovu. Binti alikua, cherehani ikatengenezwa, na wote wawili wakahamia kibandani.

Jina la Mama Peya lilitokana na tabia moja. Kila auzaye viatu vya mitumba anajua kwamba robota likifunguliwa hakikosi kutoka kiatu kimoja kisicho na mwenzake. Wengine hukitupa. Yeye alikiosha, akakipaka rangi, akakitundika msumarini kwenye ukuta wa ndani, nyuma ya pazia ambako wanawake hujaribia viatu. Hapo kilingoja robota lijalo, na lijalo, na lijalo.

"Hao ni wajane wangu," aliwaambia wateja. "Msiwacheke. Mjane haozi, anangoja."

Na mwenzake akipatikana, alipiga kigelegele soko zima likasikia. "Leo tunaoza!" Katika miaka kumi alikuwa ameozesha peya nne.

Mwezi ule mwimbaji ambaye kila mtu alimwita Yakuti alikuwa ametoa video mpya. Wimbo wenyewe watu waliusahau upesi, viatu hawakuvisahau. Vilikuwa vya rangi ya damu ya mzee, kisigino kipana, mkanda wa kifundoni, bizimu ya shaba. Ghafla wasichana wa mji mzima walitaka kutembea kama Yakuti kwa bei ya fungu la nyanya. Redio nayo ikatangaza shindano, Jumamosi alasiri: atakayependeza kama Yakuti kwa mavazi ya bei nafuu atasomeshwa mwaka mzima chuo cha ubunifu wa mavazi.

Mdogo wake alikuwa ameshona gauni tayari. Lililala kwenye kiti, limepigwa pasi, likisubiri miguu.

"Chuo hicho nitakiota mpaka lini, dada?" alisema. "Nitafutie viatu tu. Kutembea najua mwenyewe."

Jumanne asubuhi robota likafunguliwa. Chini kabisa, chini ya ndara na raba za watoto, Mama Peya akagusa ngozi laini. Akavuta. Kiatu cha kulia. Damu ya mzee. Bizimu ya shaba. Namba thelathini na nane.

Hakupiga kigelegele mara moja. Alikwenda nyuma ya pazia, kwenye msumari wa tatu, akamshusha mjane aliyekaa pale miaka miwili. Cha kushoto. Akavipanga pamoja kwenye goti lake. Vilifanana kama macho ya mtu mmoja. Hata mkanda, kila kimoja kilikuwa kimeshonwa tena kwa uzi mweusi, mishono saba, kwa mkono.

"Leo tunaoza," alisema. Lakini alisema polepole.

Akavipeleka kwa fundi viatu, jirani yake wa upande wa pili wa ujia, mtu wa mzaha aliyefanya kazi huku misumari midogo imejipanga midomoni mwake.

"Fundi, nibandikie soli za mpira, mdogo wangu asije akateleza jukwaani."

"Akiteleza si ndiyo watamkumbuka?" fundi alisema kwa pembe ya mdomo. Akavigeuza. Fundi viatu husoma soli kama mwingine asomavyo barua. Akasoma. Akaanza kutoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka kwenye kopo.

"Ni vya mtu mmoja," alisema. "Alikuwa anakanyagia nje. Visigino vimelika upande uleule."

"Sasa si ndiyo raha yake? Nimerudisha mtu kwa mwenzake."

"Ngoja. Tazama pua ya hiki cha kulia."

Ngozi ya ncha ilikuwa imechubuka hadi ndani. Siyo chini. Juu.

"Mtu akitembea, kiatu hulika chini." Sauti ya fundi ilikuwa imeshuka. "Kikilika juu, mtu hakutembea. Aliburutwa."

Kwenye ujia watu walipita na mifuko yao. Mahali fulani redio ilikuwa inaimba wimbo wa Yakuti.

"Hiki cha kushoto ulikitoa wapi, Mama Peya?"

"Kwenye robota. Viatu vyangu vyote hutoka kwenye robota, ulidhani vinaota?"

Alidanganya, na alijijua anadanganya.

Fundi akamrudishia. "Kubandika sibandiki. Cha kushoto kilipotea, cha kulia kikabaki na mwenyewe. Leo cha kulia kimekuja." Akautazama ujia, kulia, kushoto. "Kimekuja peke yake?"

"Gundi imekupanda kichwani, fundi," alisema Mama Peya, akaondoka akicheka. Kicheko kilimwishia kabla hajavuka ujia.

Saa sita na nusu mchana, jua limesimama juu ya bati, mdogo wake aliketi kwenye kigoda mbele ya pazia akavivaa. Vilimkaa kama vilivyopimwa kwake.

"Piga miguu tu, dada. Uso wangu utakufukuzia wateja."

Mama Peya akapiga picha, akaitupia mtandaoni kama alivyozoea. *Vaa kama Yakuti, lipa kama jirani.* Hivi havikuwa vya kuuza, lakini vingevuta watu waje waone vingine. Maoni yakaanza kuingia. Bei gani? Bei gani, shosti? Namba ngapi?

La nne liliuliza: *Huyo nyuma ya pazia ni nani?*

La tano: *Mpeni na yeye viatu, maskini.*

Akaikuza picha kwa vidole viwili. Kati ya pindo la pazia na sakafu kulikuwa na nafasi ya shubiri moja. Katika nafasi hiyo kulikuwa na miguu miwili. Mitupu. Ya rangi ya vumbi la barabara. Vidole vya mguu wa kulia havikuwa na kucha.

Vilielekea kwa mdogo wake.

Mama Peya akainua macho. Pazia lilikuwa limetulia.

"Kuna mteja ndani?" alinong'ona.

"Ndani wapi? Tuko wawili tangu asubuhi."

Akalivuta pazia kwa mkupuo. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na ukuta na wajane wake, thelathini na kitu, kila mmoja kwenye msumari wake. Siku zote aliwatundika pua zikitazama nje, wateja wawaone. Sasa wote walikuwa wamegeuka. Wote walitazama ukuta, kama watu wasiotaka kuitwa kutoa ushahidi.

"Vua," alisema.

"Si ndiyo kwanza nimevaa?"

"Vua, nakwambia."

Binti akainama. Akahangaika. Akacheka kidogo, kisha hakucheka. "Dada, bizimu haifunguki."

Mama Peya akapiga magoti. Ulimi wa bizimu ulikuwa mdogo, mwembamba, wa kufunguliwa na mtoto. Ulikataa. Shaba ilikuwa baridi, na nje jua lilikuwa linachoma bati.

Mdogo wake akasimama.

"Kaa chini."

"Sijasimama," alisema binti. Macho yalikuwa yamemtoka. "Dada, sijasimama mimi."

Mguu wa kushoto ukapiga hatua. Ko. Wa kulia ukaufuata, umelazwa, ncha ikikwaruza saruji. Shwaa.

Ko. Shwaa.

Akatoka kibandani, akaingia kwenye ujia. Muuza mikoba akamwona kwanza. "Oyoo! Yakuti huyo!" Wengine wakageuka. Simu zikatoka mifukoni. Watu walikuwa wamesikia habari za shindano, na huyu binti walimjua, na mwendo ule wa madaha ya kuburuta mguu walidhani ndio mtindo mpya.

"Twende, Yakuti! Twende!"

Ko. Shwaa. Ko. Shwaa.

Mama Peya alimshika kiuno. Alikuwa mwanamke wa kubeba marobota, lakini alivutwa kama mfuko mtupu. Machozi yalimtiririka mdogo wake hadi kidevuni. Watu walipiga makofi.

"Nishike, dada."

"Nimekushika."

"Nishike zaidi. Kuna mwingine amenishika."

Wakapita mlango wa nyuma wa soko. Wakapita chini ya taa ya barabarani. Mbele yao kulikuwa na barabara kuu, mistari myeupe ya kuvukia imefifia, na magari yakishuka mteremko bila kupunguza mwendo. Mama Peya akaona wanakokwenda. Mahali pale alipajua.

Fundi aliwafikia ukingoni, kisu chake cha kukatia ngozi mkononi. Hakupiga kelele. Alisogeza mdomo sikioni mwa Mama Peya.

"Ulikitoa wapi?"

"Hapa."

Miaka miwili nyuma. Jana yake lori lilikuwa limemgonga mwanamke akivuka, likamburuta kutoka kwenye mistari hadi kwenye taa. Asubuhi vioo vilikuwa vimefagiwa. Hakuna aliyeangalia kando ya mfereji. Yeye aliangalia, kwa sababu macho ya muuza viatu hayapiti juu ya kiatu. Cha kushoto, kizuri, kizima. Akatazama huku. Akatazama huku. Akakitia kwenye kapu. Kiatu hakina kosa, alijiambia. Na mwenyewe akishazikwa, nani atakiulizia?

Fundi akamtia kisu mkononi. "Mimi siwezi. Aliyeokota ndiye arudishe."

Mguu wa kushoto wa mdogo wake ulishuka barabarani.

Juu ya mteremko, lori.

Mama Peya akajitupa chini, akalikumbatia goti la binti, akaupitisha ubapa chini ya mkanda. Akakata. Uzi mweusi uligoma. Mshono mmoja. Miwili. Mitatu. Kisu kikateleza, kikaingia kwenye nyama, damu ikashuka juu ya ngozi na haikuonekana, kwa maana rangi ilikuwa ileile. Honi ya lori ikaanza kulia. Sita. Saba.

Mkanda ukaachia.

Akakivua. Ndani kilikuwa na joto la mguu, lakini si joto la mguu mmoja. Akatambaa nacho hadi kando ya mfereji, pale pale, akakiweka pua ikitazama barabara.

"Samahani," alinong'ona. "Samahani, dada. Kilikuwa chako."

Lori likapita. Upepo wake uliwaangusha wote.

Vumbi lilipotua, mdogo wake alikuwa amekaa chini ukingoni, mzima. Mguu wa kushoto ulivuja damu. Wa kulia ulikuwa mtupu. Bizimu ya kulia hakuna aliyeifungua, na kiatu hakikuwapo. Mama Peya akageuka kutazama kando ya mfereji. Na pale hapakuwa na kitu.

Umati ukapiga makofi kwa mara ya mwisho, kisha ukatawanyika kwenda kula.

Jumamosi shindano lilifanyika bila wao. Gauni likauzwa. Kidonda cha kisu kilipona upesi. Mguu wa kulia, ambao haukuguswa na kisu, ndio uliokataa kupona. Daktari aliupima, akaupiga picha, akasema hauna tatizo. Hauna tatizo, ila unaburuta. Kila mwisho wa mwezi fundi huvuka ujia, huchukua kiatu cha kulia cha binti yule, hubandika kipande kipya juu ya pua, hukirudisha. Mzaha ameuacha.

Wajane wote waliteremshwa, wakachomwa. Pazia likatolewa. Picha ikafutwa siku ileile.

Lakini picha ya mtandaoni ni kama neno lililotoka kinywani. Mwezi uliopita alikuja mteja, mwanamke mcheshi, mwenye simu mkononi.

"Mama, nimeulizia viatu hivi soko zima. Nimeambiwa ni kwako."

Mama Peya hakuitazama simu. "Vile viliisha. Mdogo wangu alivivaa kwa picha tu."

"Mdogo wako yupi?" Mteja akaikuza picha kwa vidole viwili. "Huyu aliyeketi mbele? Huyu mbona yuko peku. Mimi nasema vya huyu wa nyuma ya pazia."

Akaigeuza simu ili Mama Peya aone vizuri.

"Hivi. Vya damu ya mzee. Vimemkaa, hata sijui mlimpata wapi." Akacheka. "Ila mwambieni siku nyingine mkipiga picha asubiri zamu yake. Tazama, ameshashika pazia."

Kwenye kigoda, mdogo wake akainua miguu yote miwili kutoka sakafuni, taratibu, akaikunja chini ya gauni.