Mlio Uliohama

Jua lilikuwa linazama mama alipomkabidhi binti yake chupa ya chai.

"Mpelekee kaka yako, asije akasema tumemsusa."

Nyumbani walimwita Sikio. Tangu utotoni, lori la baba yao likiwa bado kona ya mbali, yeye alikwisha kulisikia na kukimbia kubandika maji ya kuoga. Mbwa walibweka baada yake. Baba alipofariki, lori likabaki uani juu ya mawe, kuku wakatagia ndani ya kabini.

Kisha kaka akaapa kulifufua, akalivuta hadi gereji alikofanya kazi. Injini ilishushwa, ikafunguliwa hadi ikabaki ganda. Kranki ikasagwa. Pistoni, ringi, beringi, vyote vipya. Shamba la bondeni likaondoka kwa ajili hiyo. Cherehani ya mama ikaondoka. Mama akachukua sindano. Akawa anashona kwa mkono. Na siku injini ilipowaka, ikagonga.

Ko... ko... ko...

Mlio uleule wa enzi za baba. Kaka akaifungua tena, akaifunga, ikagonga. Tajiri wa kokoto alikuwa amesema wazi kwamba lori linalogonga halitapanda machimboni kwake. Mafundi wenzake wakaanza kulipita kwa mbali, kama watu wanaokwepa mlango wa mgonjwa asiyepona.

Jioni hiyo gereji ilikuwa tupu. Alikuwepo kaka tu, na mwanamume ambaye Sikio hakuwahi kumwona. Alivaa ovaroli ya fundi, lakini kucha zake zilikuwa safi. Safi mno, kama za mtoto aliyetoka kuogeshwa. Hakunuka oili wala dizeli. Alinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

"Shikamoo," Sikio alisema.

Mgeni hakuitikia. Alimgeukia kaka. "Huyu ndiye?" akanong'ona, kama mtu anayeulizia spea dukani.

"Ndiye."

"Ndiye nani?" Sikio akauliza.

"Hebu tusaidie, mdogo wangu. Fundi anataka mtu anayeujua huu mlio tangu zamani. Mimi masikio yameshakufa kwa nyundo."

"Leo ndiyo mnanikumbuka? Siku zote naambiwa gereji si mahali pangu."

"Punguza maneno, chai inapoa."

Akapewa bisibisi ndefu. Ndivyo mafundi wanavyosikiliza injini: ncha unaigusisha kwenye chuma, mpini unauegesha sikioni, na kila kinachougua ndani kinakuja chenyewe kukueleza. Kaka akawasha. Sikio akainama.

Ko... ko...

"Unausikia?" Sauti ya mgeni ilikuwa shingoni kwake. Haikuwa na joto la pumzi.

"Nausikia."

"Sema tena."

"Nausikia."

Mlio ukakatika.

Injini ikaendelea kunguruma, laini, kama paka aliyeshiba. Kaka akaegemea tairi akalia. Sikio naye akacheka, akamimina chai. Alipogeuka kumpa mgeni kikombe, hapakuwa na mtu. Na lile geti la mabati, linalolia hata likipigwa na upepo, halikuwa limelia.

Alikuwa njiani kurudi, akiharakisha kidogo kwa sababu ya giza, alipousikia kifuani mwake.

Ko... ko... ko...

Si moyo. Moyo aliusikia pembeni yake, ukipiga kwa woga, ukijaribu kukwepa. Huu mwingine ulikuwa wa chuma.

Daktari alimsikiliza mbele na nyuma. "Sisikii kitu, dada. Punguza mawazo."

Lori likapata kazi. Nyumba ikapata mabati mapya. Wifi yake akapata friji, mama akanunuliwa cherehani nyingine, ya umeme. Majirani wakamsifu kaka kwamba ana mkono wa baraka. Na kila mara lori lilipopanda mlima wa machimbo likiwa limesheheni, Sikio, akiwa nyumbani anafua, alishika ukuta ili asianguke. Mto wake ulianza kunuka dizeli. Asubuhi moja alikohoa kwenye leso akaona weusi unaong'aa, kama oili iliyochoka.

Akamfuata kaka uani.

"Umenifanya nini?"

"Shusha sauti, wifi yako amelala."

"Nakuuliza, kaka."

Kaka alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Alisema mlio haufi. Unahama tu. Sasa ulitaka uje kwangu? Nani ataendesha? Au ulitaka nimpe mama?"

"Ukanipa mimi."

"Wewe bado una nguvu."

"Alisema mlio huo utaniua?"

"Sikumuuliza."

Wakatazamana. Ndani ya nyumba, friji ilianza kuvuma.

"Nautoaje?"

Kaka akarudi nyuma. "Kama ulivyoingia. Mtu anayeujua tangu zamani ausikie kwako, akiri mara mbili kwa mdomo wake." Kisha akaongeza haraka, "Na wanaoujua tumebaki mimi na mama. Kwangu usijaribu."

Tangu hapo kaka hakumsogelea tena. Hata chakula alikula ndani ya lori, vioo vimepandishwa, redio juu. Alipoulizwa jina la yule fundi, alisema hakuwahi kuambiwa. Alimkuta tu amekaa kwenye kabini, asubuhi moja, mlango ukiwa bado umefungwa kwa kufuli.

Sikio akawa anamkimbia mama. Mama akisogea, yeye anahama kiti. Akasingizia mafua, akasema anaogopa kumwambukiza.

Mpaka jioni ile kaka alipopakia kupita kiasi. Sikio alijua bila kuambiwa. Mlio ulimkamata jikoni, ukampigisha magoti. Kokokoko... haukuwa tena na nafasi katikati. Hewa ikagoma. Sufuria ya maji ikaanguka.

Mama akaja mbio, uzi bado uko begani. "Mwanangu. Tulia. Tulia nikusikilize." Akampakata pale pale sakafuni, akaweka sikio kifuani pake.

Mkono wa Sikio ulikuwa huru. Angeweza kumsukuma. Kusukuma tu, hata bila maneno.

Mama akatulia. Mikunjo ya uso wake ikalegea, ukawa uso wa mwanamke aliyekesha miaka mingi akisubiri mlio huohuo ufike nyumbani.

"Mama," Sikio akanong'ona. Alijua anachokifanya. "Unausikia?"

"Nausikia... Huyu si baba yako?"

"Sema tena, mama."

Mama akasema.

Hewa ikaingia yote kwa pamoja, baridi, tamu. Sikio akainuka bila kuegemea kitu. Alikuwa na njaa.

Mama alisimama taratibu, akaenda kuokota sufuria. Katikati ya jikoni akasita, akashika ukuta. Akamtazama binti yake. Macho yake hayakuwa ya mtu anayeshangaa, na hilo ndilo Sikio hataweza kulieleza kamwe. Alichukua kitambaa, akainama, akaanza kukausha maji sakafuni, akisugua kwa nguvu palepale ambapo palikuwa pameshakauka.