Jeraha Lililofungwa Mapema

Alhamisi, tarehe 13 Novemba 2025. Asubuhi hiyo manyunyu yalianguka Kaniha, na ukungu ulikuwa bado umelala mashambani.

Shibuda, mfugaji, alikutwa kitandani kwake amekufa.

"Mkewe amempa sumu," Kazimili, kaka wa marehemu, alimwambia Inspekta Leonsia. "Tukishazika, Kankindi aondoke. Watoto wabaki."

Inspekta aliomba kimya kimya, akafunua shuka. Paja la kushoto lilikuwa limevimba na kunuka. Jeraha refu la panga lilikuwa limeshonwa kwa nailoni, nyuzi kumi na moja, zimeachana sawasawa.

"Polisi mnatafuta sumu pajani?" Kazimili alimkebehi.

Inspekta alimgeukia mjane. "Nani alimshona?"

"Sijui, afande. Jumamosi alirudi ameshashonwa. Akasema nisiulize."

Aliyekatwa panga hatibiwi hospitalini bila PF3, fomu ya polisi. Kituoni hakuna aliyeichukua kwa jina la Shibuda. Kwa hiyo alishonwa kwa siri, tena na mjuzi. Jirani mmoja tu alikuwa mjuzi hivyo: Juvenali, mtaalamu wa chumba cha upasuaji, aliyelima kando ya malisho ya marehemu.

Siku ya pili Inspekta alimwita kituoni.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nifundishe kazi yako. Jeraha la panga lenye samadi ndani, unalifanyaje?"

"Unaliosha kwa maji mengi. Unaondoa nyama iliyokufa. Unaliacha wazi, unafunika kwa shashi, unashona siku ya nne au ya tano likiwa safi."

Inspekta akaweka picha mezani. "Daktari amekuta samadi na usaha chini ya mshono huu; ndivyo vilivyomuua, si sumu. Ulishonwa lini?"

Juvenali aliisukuma picha pembeni.

"Saa ileile alipokatwa," alisema.

"Kwa nini, nawe unajua?"

"Ng'ombe wake walimaliza maharage yangu. Nikamkata. Kisha nikaogopa. Likiachwa wazi, watu wangeliona, wangemtuma achukue PF3. Nikalifunga. Nikamwomba anyamaze, akakubali. Tuliimba kwaya moja."

Jioni Juvenali alipelekwa msibani na pingu mikononi, akayarudia yote mbele ya wazee. Kazimili aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, shemeji," alimwambia Kankindi.

"Nimekusamehe. Lakini uliponifukuza ulisema kwa sauti. Na sasa sema kwa sauti."

Kazimili alisimama.

"Wazee, na wewe afande, mnisikie. Nyumba hii ni ya Kankindi na watoto wake. Naahidi mbele ya Mungu, sitamwondoa, wala sitakubali mtu amwondoe."