Leseni ya Viti Sita

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mapaa, na jua lilikuwa likiupenya polepole. Bwana Funguo alikunywa chai na mama yake na mkewe. Wakamshukuru Mungu kwa siku mpya, wakataniana, kila mtu akashika njia yake.

Ndugu zangu, jina hilo la Funguo alipewa na wenzake hospitalini. Alikuwa fundi wa kompyuta, na hapakuwa na mlango uliomshinda. Hospitali yao ilikuwa na tawi katika nchi ya mbali, upande wa mashariki. Programu ya kufungulia picha za skani ilikuwa na leseni ya hospitali moja tu, viti sita, yaani watu sita kwa wakati mmoja. Funguo akabuni ujanja. Kule wanapofunga kazi jioni, huku ni saa nne asubuhi. "Basi wao wakitoka, sisi tunaingia," akasema, kama watu wanaolalia kitanda kimoja kwa zamu! Mkurugenzi alimpigia makofi mbele ya wafanyakazi wote.

Mkewe, muuguzi wa hapohapo, hakupiga. "Mume wangu, mkataba umeusoma?"

"Kurasa arobaini? Jua lenyewe limetupangia zamu, mke wangu. Nisome nini tena?"

Asubuhi hiyo ya ukungu mama yake aliteleza bafuni, akagonga kichwa. Jirani alimfikisha hospitalini saa nne na robo, hajitambui. Skani ikapigwa upesi. Daktari alipobofya picha, kioo kikaandika: Viti vyote vimejaa.

Funguo akapiga simu mashariki, kwa fundi mwenzake. "Kaka, mbona hamjatoka? Saa yenu imepita!"

"Basi limepinduka huku. Madaktari sita, majeruhi sita."

"Toa mmoja tu! Ni mama yangu!"

"Huyu wa kwanza ni mtoto wa miaka minne. Anayefuata ni mjamzito. Chagua wewe, kaka. Nimtoe nani?"

Siku zote viti vile kwake vilikuwa namba tu. Sasa aliona juu ya kila kiti mtu amelala, mtoto wa mama fulani, ng'ambo ya milima na maji, na roho zote zimening'inia kwenye uzi mmoja alioufunga yeye kwa mkono wake. Dunia kubwa namna hii, na mkono mdogo namna hii!

"Nipasue upande gani?" daktari alifoka. "Nibahatishe kichwa cha mtu?"

"Wapigie wenye programu," mkewe akasema.

"Nitawaambia nini?"

"Kweli."

Akapiga, akakiri yote bila kumeza neno. Mwanamke upande wa pili alisikiliza, kisha akasema taratibu: "Kipengele cha kumi na nne. Pakiwa na dharura, mkiomba, tunawaongezea viti kwa siku tatu. Hukukisoma?"

"Sikukisoma, dada."

"Jaribu sasa. La tawi lenu la pili tutaliongea kesho, na tutaliongea kweli."

Daktari akabofya. Ubongo wa mama ukatokea kiooni, kimya, kama mwezi unaotoka mawinguni, na damu imetanda upande wa kulia. Akaagiza mgonjwa apelekwe upasuaji papo hapo. Ajabu ya Mungu! Mlango ulikuwepo siku zote, naye Funguo alikuwa akipita dirishani.

FUNZO

Ndugu zangu, mpaka wa haki si adui yako. Aliyeuweka huenda ameweka na mlango, lakini mjanja hauoni, kwa kuwa habishi hodi. Na mnaokabidhiwa kazi za nchi nyingi, kumbukeni kwamba hila ya chumba kimoja humfikia mtu usiyemjua.

Mama alipona, ila mkono wa kushoto hauna nguvu tena. Hospitali ililipia leseni ya matawi yote mawili. Siku ya kulipa, Funguo alisimama mbele ya mkurugenzi, madaktari na mkewe, akasema kwa sauti:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, sitapeleka programu yoyote kwenye tawi lolote kabla sijausoma mkataba wake mpaka mstari wa mwisho. Na nikikosea, nitasema siku hiyohiyo."