Kichupa Alichopewa Jildou

Tetesi ile ilimganda Tjitske kama kupe. Eti chuo kikuu cha mjini kimetengeneza seli bandia, zinaonja sukari kwenye damu na kutoa insulini zenyewe. Aliisikia kwa wifi yake, siku ya kuzaliwa, watu wameketi duara, kila mmoja na kahawa na kipande kimoja cha keki, kama kawaida ya Uholanzi.

Binti yake Jildou alikuwa na miaka minane na kisukari. Sindano nne za insulini kwa siku. Kila sindano, kilio.

Chuo kilipofungua maabara kwa wananchi, kila mtoto alipewa kichupa cha maji yanayong'aa. Kimeandikwa: seli bandia. Nyumbani, Tjitske akatia matone kwenye mtindi wa Jildou. Sindano akaziweka kando.

Siku ya pili mtoto alikunywa maji bila kukoma. Ya tatu akatapika, pumzi ikinuka kama matunda yaliyooza. Tjitske akamgongea jirani yake Hiske, mfanyakazi wa maabara ile.

"Umempa nini?" Hiske akauliza alipomwona mtoto.

Tjitske akaonyesha kichupa.

"Mama wewe! Hivi ni vipovu vya mafuta, na protini kidogo ndani. Vinang'aa, basi. Havili, havizaani, sukari havijui."

"Si mmeandika seli?"

"Na bandia tukaandika! Seli ya mwili inafanya kazi elfu. Sisi tunahangaika kuiga moja moja."

"Na zile za insulini?"

"Ziko kwenye majaribio. Hazijawa dawa. Shoga, ita gari la wagonjwa, utanilaumu baadaye!"

Jildou alilala siku nne hospitalini, mbili hajitambui. Alipozinduka akauliza, "Mama, ni yale matone?"

"Ndiyo, mwanangu. Ni mimi."

Mtoto akageukia ukutani.

Sasa sukari yake imetulia. Muuguzi alimfundisha kujidunga. Halii tena. Anafunga mlango kwanza, mama abaki nje.

Mambo ya kuepuka:

Usiache insulini kwa sababu ya maneno ya kwenye kahawa.

Usinywe wala kumnywesha mtu kitu cha maabara, hata ukipewa kwa tabasamu.

Usione jambo limewezekana maabarani ukadhani limeshakuwa dawa. Muulize daktari.

Mtoto mwenye kisukari akiwa na kiu isiyoisha na kutapika, usingoje.

Usione haya kusema ulichompa. Sema upesi.