Mama wa Harufu

Mwisho wa mwezi, supamaketi ilikuwa imefurika hadi vitoroli vinagongana kama mbuzi zizini. Mbele ya rafu ya sabuni alisimama kijana mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, amefumba macho, ananusa kipande kimoja baada ya kingine.

"Kaka, ukiendelea kunusa watakutoza," alisema mwanamke nyuma yake.

Alifumbua macho akaona gauni la samawati, kilemba kilichofungwa upande, na tabasamu lisilo na haraka. Akajitetea kwamba anamtafutia mama yake zawadi na hajui aanzie wapi. Mwanamke akamchagulia yenye karatasi ya kijani.

"Mama asipoipenda, nirudishie mimi."

"Nitakurudishiaje, na namba yako sina?"

Hivyo ndivyo namba ilivyotoka. Mwanamke akampachika jina la Mnusaji, naye akaitwa Mama Kibogoyo, kwa sababu ya binti yake mdogo aliyeng'oka jino la mbele kwa kuanguka ngazini. Baba wa mtoto alishaota mbawa zamani. Mnusaji alipiga simu kila mchana, naye Mama Kibogoyo akapokea nyuma ya mapipa ya kiwanda cha sabuni alikofanya kazi, mkono mmoja ukiziba sikio.

Siku moja Mama Kibogoyo akamwambia jambo aliloliona dogo. Harufu ya ile sabuni ya kijani aliitunga yeye. Wakati ule ananyonyesha, na kila jioni alirudi na harufu mpya mikononi. Akija na ya ndimu, mtoto anageuza uso. Jioni aliyokuja na hii, mtoto alinyonya huku anacheka, na kesho yake akaipeleka kwa meneja.

"Kumbe una watoto wawili, mpenzi," alisema Mnusaji, na moyo wa mama yule ukalegea kama nta juani.

Kuhusu kazi yake, Mnusaji alisema ni ya serikali, ya kuuliza maswali. Alipofafanua kuwa anakagua kodi za makampuni, mama mzazi wa Mama Kibogoyo, alipoambiwa, aliguna. "Huyo atakuhesabia hata chumvi, mwanangu."

Kisha meneja akawaita wafanyakazi bwaloni. Wakaguzi wa kodi wanakuja. Kiwanda, akawakumbusha, kina kampuni dada ng'ambo, na kwa kila sabuni inayouzwa hulipwa kule mrabaha, kwa kuwa fomula ya harufu ni mali ya kule.

"Mkiulizwa, harufu ilitoka ng'ambo. Sisi huku ni mikono tu." Akatabasamu. "Kazi mjini ni nyingi, ila za kwenu ni hizi."

Watu wa ofisini walishanong'ona kwamba hiyo kampuni dada ni chumba na simu, katika nchi ambayo kodi yake ni ya kugusa tu. Sasa Mama Kibogoyo akaelewa kwa nini sabuni inagombaniwa madukani na kiwanda kinaandika hasara kila mwaka, mishahara imelala palepale. Faida ilikuwa inavushwa ng'ambo kwa jina la harufu ya mwanawe.

Alipoitwa kwenye chumba cha mahojiano, meneja alikuwa amekaa pembeni, miguu kaikunja. Mezani walikuwa wakaguzi wawili: mwanamke wa makamo mwenye miwani, na Mnusaji. Mnusaji alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi, akainama, akamnong'oneza mwenzake sikioni, akatoka bila kugeuka.

Mwanamke wa miwani akauliza: "Dada, hii harufu alitunga nani?"

Amenisema. Ndivyo alivyowaza Mama Kibogoyo. Kumbe simu zote zile zilikuwa kazi.

"Ilitoka ng'ambo," akajibu.

Meneja akamsindikiza mlangoni akimwita "binti yangu." Jumatatu, akasema, atatia sahihi maelezo yake na mambo yatakwisha.

Simu ililia hadi ikachoka. Hakupokea. Kila gari lililosimama nje lilimshtua. Akilini alimwona meneja, aliona polisi, aliona mtoto wake analala njaa. Jumapili mchana mama mzazi akafungua mlango, akamwingiza Mnusaji, akambeba mjukuu na kwenda naye uani.

"Ulinichimba kama kisima," Mama Kibogoyo alisema.

"Faili lilikuwa na jina la kampuni kubwa, si la kiwanda. Kiwanda chako nimekijua getini."

"Na ulimnong'oneza nini yule?"

"Kwamba huyu mwanamke nampenda, siwezi kukaa hapa. Nimeondolewa kwenye kazi hiyo, na nimeitwa kujieleza kwa nini sikusema getini."

Mama Kibogoyo alimtazama. Shati lake siku hiyo halikuwa limepigwa pasi.

"Basi yeye alijuaje la kuniuliza?"

Mnusaji akamweleza polepole kwamba swali lile huulizwa kila kampuni inayolipana na ndugu yake. Wanatafuta kazi imefanyika wapi, maana faida inatakiwa ibaki palepale na ilipiwe kodi palepale. Hata kama yeye asingemjua mtu yeyote pale, lingeulizwa vilevile.

Aibu na hofu vikamjia Mama Kibogoyo pamoja. Akauliza afanye nini kesho.

"Hilo usiniulize. Nikikushauri, nitakuwa nimekuharibia na nimejiharibia." Akamsogelea. "Ninaloweza kukuuliza ni moja. Nikuoe?"

"Umeniona naelekea kufukuzwa ndiyo unaniokota?"

"Huenda tukafukuzwa wote, hata mimi. Tutaokotana."

Mama Kibogoyo alicheka, kisha akalia. Akasema hawezi kujibu jambo la maisha akiwa na hofu ya namna hii, asubiri.

Jumatatu alivaa gauni jeusi la kazini na viatu vya kisigino kifupi, asiyumbe. Meneja alimpa kalamu. Akaiweka chini.

"Sitii sahihi," alimwambia yule mkaguzi wa miwani. "Nilidanganya, niliogopa. Harufu ile nimeitunga mimi, humu humu kiwandani, na meneja ndiye aliyeipokea."

Meneja alisimama, akatoka akiufunga mlango taratibu, na upole ule ulimtisha Mama Kibogoyo kuliko kelele. Aliulizwa maswali mpaka midomo ikakauka. Alipotoka, mlinzi alikuwa ameshaagizwa amnyang'anye kitambulisho.

Akatoka nje ya geti. Akakaa ukingoni mwa barabara, akapiga simu.

"Wamenitoa," alisema.

"Uko wapi? Nakuja."

"Njoo. Na lile swali uliulize tena ukifika." Akavuta pumzi. "Hofu bado ninayo, Mnusaji. Lakini nimeona naweza kusema nikiwa nayo."